Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu baa yetu ya Majengo, Moshi, na ukoo ulioianzisha

Kila mwaka ifikapo Desemba, msimu wa kwenda kuhesabiwa kama wenyewe tunavyouita, watu wanaposhuka kwenye mabasi ya Dar es Salaam kabla ya kupanda milimani kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, baa yetu hupokea wageni ambao wamesikia nusu ya habari za familia yetu kutoka kwa wazazi wao na wanataka kuijua nusu iliyobaki. Mimi ni mjukuu, mtoto wa mtoto wa pili wa waanzilishi, na nilipewa kazi hii katika kikao cha ukoo. Majibu haya yalisomwa kwa sauti mbele ya Baba Mkubwa, Shangazi na Baba Mdogo, na kila mmoja alipata nafasi ya kusahihisha.

Ni nani hasa aliyeianzisha baa hii, Babu au Bibi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko mengine yote, na ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Leseni ya kwanza ilikuwa na jina la Babu, kibao cha kwanza kilitengenezwa na Babu, na picha inayoning'inia juu ya kaunta ni ya Babu akiwa amevaa koti lake la Jumapili; kwa hiyo mgeni yeyote anayeingia huondoka akiamini kwamba mwenye wazo alikuwa yeye. Sivyo. Mwanzilishi ni Bibi, na tungependa jambo hili lijulikane wazi kwa kila anayekula nyama hapa.

Babu alikuwa fundi seremala kutoka Machame. Aliteremka mjini miaka michache baada ya uhuru wa 1961, akapata nyumba yenye uwanja mdogo hapa Majengo, akawa anatengeneza milango, vitanda na viti. Siku moja alipata oda ya viti kumi na viwili. Mteja alitoa kishika uchumba kidogo, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili, na hakuonekana tena. Babu, akihofu kwamba mtu huyo angeweza kupita barabarani bila kujua kuwa kazi yake imekwisha, alivipanga viti vyote kumi na viwili chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba, vikiitazama barabara, ili mwenyewe akipita avione.

Mwenyewe hakupita, lakini watu wengine walipita. Moshi ya chini jua lake ni kali, mwembe ule una kivuli kizuri, na viti vilikuwa vipya na imara. Haikuisha wiki moja kabla viti vyote havijajaa kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni: wauza kahawa waliotoka mashambani, makuli wa stesheni, wazee waliokuja kufuatilia mambo yao mjini. Bibi, aliyekuwa akifagia uwanja ule kila alfajiri, aliwahesabu kwa siku sita mfululizo. Siku ya saba alimwuliza mumewe, "Baba watoto, hawa wageni wako wananunua nini?" Babu alijibu kwamba hawanunui kitu, wanapumzika tu. Bibi alisema kwamba kama ni kupumzika kwake, watapumzika wakiwa na kata ya pombe mkononi. Jumamosi iliyofuata alikuwa na chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, chini ya mwembe, na hiyo ndiyo siku ambayo sisi tunaihesabu kuwa ya kwanza.

Ile mbege ya Bibi ilitengenezwaje, na je, bado mnaiuza?

Ndiyo, Jumamosi na Jumapili tu, na ikiisha imeisha. Mbege haitunziki: kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa kali na chachu, na mtu anayekuuzia mbege ya Jumapili siku ya Jumatano hakutakii mema.

Bibi alimenya ndizi zilizoiva hasa, zile ambazo ganda lake limeanza kuwa na madoa meusi, akazichemsha kwa maji katika sufuria kubwa kwa saa nyingi hadi zikageuka rangi na kuwa nyekundu ya kahawia, kisha akaziacha zichachuke kwa siku kadhaa na kuzichuja. Kando yake aliandaa ulezi. Ulezi huo kwanza unalowekwa na kuoteshwa, unakaushwa, unasagwa, na unga wake unapikwa uji mzito unaoitwa mso, ambao hutiwa magome ya mti wa msesewa ili upate uchungu. Uji ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake kinywaji kiko tayari. Anayeinywa mara ya kwanza husikia utamu wa ndizi mbele, chachu katikati, na uchungu wa msesewa mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi.

Kosa kubwa zaidi katika historia ya baa hii lilihusu msesewa. Bibi alikwenda kwao Uru kwenye msiba akamwachia Babu mapishi, naye Babu, ambaye alikuwa na magome ya kila aina katika karakana yake, alitia magome aliyoyapata karibu. Kinywaji kilitoka na harufu nzuri ya ubao mpya. Wateja walikunywa kwa heshima, kwa sababu Babu alikuwa amesimama palepale akiwatazama, lakini tangu siku ile hadi alipofariki hakuruhusiwa tena kuingia kwenye kibanda cha kupikia akiwa na kitu chochote mkononi.

Je, ni kweli kwamba jiko la kwanza la nyama lilikuwa pipa la maji la Babu?

Ni kweli, na habari hii inaumiza kidogo hata leo kwa upande wa Machame.

Babu alikuwa na pipa la chuma ambalo alikingia maji ya mvua kutoka kwenye paa. Alilipenda. Alilitengenezea kifuniko cha mbao cha mviringo, kazi nzuri ya randa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuchota humo bila kuomba. Mbege ilipoanza kuuzwa vizuri, wateja wakaanza kuulizia nyama, na Bibi akaona kwamba mtu aliyeshiba nyama hukaa muda mrefu zaidi kwenye kiti kuliko mtu mwenye njaa. Alihitaji jiko kubwa. Babu alipokwenda Machame kwa siku tatu kwa ajili ya kikao cha ndugu, Bibi alimwita fundi wa kuchomelea wa mtaani, akalikata pipa katikati kwa urefu, akapata majiko mawili yenye miguu ya nondo.

Babu alirudi jioni ya siku ya tatu. Alisimama getini akiwa bado na mfuko begani, akatazama vipande viwili vya pipa lake vikiwa na makaa ndani na mbavu za mbuzi juu yake, akatazama kifuniko chake cha mbao ambacho sasa kilikuwa kibao cha kukatia nyama, na hakusema neno. Aliingia ndani. Kwa siku tatu alikula kwa jirani, na alitangaza kwamba nyama iliyochomwa kwenye pipa lile haitaingia kinywani mwake.

Asubuhi ya siku ya nne Bibi alifanya jambo ambalo kila Mchagga anayesoma hapa ataelewa uzito wake. Alikata jani la sale kwenye uzio. Sale ndilo jani tunalolitumia kuonyesha mipaka ya vihamba, na ndilo jani la kuombea msamaha: ukiletewa sale na mtu aliyekukosea, ni vigumu sana kukataa, hata kama kosa ni kubwa. Alimpelekea Babu karakanani pamoja na sahani ya mbavu. Babu alilipokea jani kwa mikono miwili, akaonja ubavu mmoja, akasema, "Hizi ni nzuri, Mama watoto. Za juzi usiku zilikosa chumvi."

Hapo ndipo ilipofahamika ni nani aliyekuwa akila nyama ya akiba usiku, ambayo kwa siku zote tatu alikuwa amesingiziwa paka. Kuanzia siku hiyo Babu alikubaliwa na wote kuwa mwonjaji rasmi, na sale lililokaushwa ambalo wageni huliona ndani ya fremu kando ya kaunta ni lile lile. Fremu aliitengeneza yeye.

Kwa nini nyumbani kwenu mnazungumza Kiswahili na si Kichagga?

Kwa sababu Kichagga si kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana huishia kwenye Kiswahili, na hata kati ya Machame na Uru, ambako si mbali, kuna maneno ya kutosha yanayotofautiana. Babu na Bibi walijaribu mwanzoni mwa ndoa, kila mmoja akashikilia kwamba neno lake ndilo sahihi na la mwenzake ni la watu wa upande wa pili wa mto, na watoto walipoanza kuongea wakakubaliana juu ya Kiswahili ili amani iwepo.

Je, mnauza kitimoto, na kwa nini mkesha wa Krismasi hamuuzi mbuzi?

Tunauza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, katika jiko lake, kwa visu vyake, na kwa mhudumu wake, upande wa nyuma wa uwanja. Mbuzi na kuku wetu huchinjwa na Mwislamu wa mtaani kwetu, kazi aliyoirithi kwa baba yake, ili kila jirani wa Majengo aweze kukaa meza yoyote ya mbele na kula bila wasiwasi. Utaratibu huu Bibi aliuweka mwenyewe na hatujaubadilisha kwa lolote.

Swali la mkesha wa Krismasi linahitaji maelezo zaidi. Kwa miaka mingi ya mwanzo baa haikuuza nguruwe kabisa. Kila Krismasi familia ilichoma ndafu, yaani mbuzi mzima, na mbuzi huyo alinunuliwa mapema na kunenepeshwa uwanjani. Mwaka mmoja kazi ya kumtunza alipewa Baba Mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane au tisa. Alimpenda yule mbuzi kupita kiasi, na kwa kuwa alitaka apate kilicho bora, alimlisha machicha ya mbege kila siku. Mifugo mingi huku kwetu hupewa machicha, lakini hupewa kiasi. Huyu alipewa ndoo.

Siku ya mkesha, jioni, Baba Mdogo alimfungua mbuzi ili amnyweshe maji, na mbuzi akaondoka. Alikwenda kwa mwendo wa kuyumba lakini kwa kasi, akavuka barabara, akapita katikati ya wauza nguo waliokuwa wakifunga mizigo yao, akiwa na kundi la watoto nyuma yake na Bibi nyuma ya watoto. Wakati huohuo Babu alikuwa kanisani katika mazoezi ya mwisho ya kwaya, kwani aliimba sauti ya nne kwa Walutheri kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mbuzi aliingia, akapita kati ya mabenchi, akawatazama waimbaji safu kwa safu, kisha akaenda kusimama ubavuni mwa Babu, ambaye koti lake lilikuwa na harufu ya nyumbani. Kwaya iliendelea kuimba, kwa sababu mwalimu wa kwaya alikuwa mkali na hakuwa ametoa ishara ya kunyamaza. Baba Mkubwa, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimfukuza na alishuhudia kwa macho yake, anasema mbuzi alisimama kwa utulivu hadi ubeti wa mwisho.

Babu alirudi nyumbani akimwongoza mbuzi kwa mshipi wa suruali, akatangaza kwamba mnyama aliyekwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe mkesha wa Krismasi hatachinjwa na nyumba yake. Bibi, ambaye ni Mkatoliki wa Uru, alisema kwamba angemwelewa zaidi kama mbuzi angekwenda kwenye misa, lakini hakupinga. Tatizo lilikuwa kwamba wageni walikwisha kualikwa na hapakuwa na mbuzi mwingine wa kununua usiku ule. Jirani alikuwa na nguruwe. Hivyo ndivyo mdudu, kama nguruwe anavyoitwa kwa utani, alivyoingia kwenye orodha yetu ya vyakula, na ndiyo sababu mkesha wa Krismasi majiko ya mbele huwa na kuku peke yake. Yule mbuzi alizeeka uwanjani hapa, akafa kwa uzee, na Baba Mdogo amepiga marufuku mtu yeyote kuuliza alizikwa wapi.

Je, ni kweli kwamba Shangazi aliolewa kwa kreti tupu za bia?

Ni kweli, na Shangazi mwenyewe, ambaye ndiye meneja wetu kwa sasa, ameagiza tulieleze jambo hili kwa usahihi kwa sababu limekuwa likipotoshwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya kumwondoa Idi Amin, vya mwaka 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, na bidhaa za kawaida kama sukari, sabuni na mafuta ya kupikia zilipatikana kwa foleni au hazikupatikana kabisa. Bia nayo ilikuwa ya shida. Wakati huo baa ilikuwa imekwisha kuanza kuuza bia za chupa pamoja na mbege, na wasomaji vijana wanapaswa kuelewa kwamba fedha peke yake haikukupa bia: ilikubidi upeleke kreti tupu yenye chupa zake ndipo upewe iliyojaa, ikiwa ipo. Mwenye chupa tupu alikuwa tajiri, na asiye nazo hakuwa na baa.

Wajumbe wa upande wa bwana harusi walikuja kutoka Kilema na mbege yao, wakapokelewa vizuri, wakaomba watajiwe mahari. Walijiandaa kusikia idadi ya mbuzi, blanketi la Babu na mengine ya desturi. Bibi, kupitia kwa mshenga, alisema mbuzi wawili wanatosha, kisha akaongeza kreti kumi za bia. Chumba kilinyamaza. Kreti kumi za bia kwa mwaka ule ni sawa na kuomba theluji ya Kibo ifungwe kwenye majani ya mgomba. Mjumbe mkuu aliomba ruhusa watoke nje wakashauriane, wakashauriana chini ya mwembe kwa karibu saa nzima, na bwana harusi mtarajiwa, ambaye hakutakiwa kuwepo lakini alikuwa amejificha ng'ambo ya barabara, alianza kutafuta mtu wa kumuuzia baiskeli yake.

Waliporudi na kueleza kwa unyenyekevu kwamba kreti kumi hazitawezekana, Bibi alishangaa, akawafafanulia kwamba alimaanisha tupu. Sasa ukazuka ugumu mwingine, kwa sababu mzee mmoja wa Kilema aliona kwamba kuombwa chupa tupu ni dharau kwa ukoo wao, kana kwamba hawana uwezo wa kuleta kitu chenye kitu ndani. Ilichukua kata kadhaa za mbege na maelezo marefu ya biashara ya chupa kabla hajaelewa. Alipoelewa, alicheka hadi akatoa machozi, na ndiye aliyezunguka Kilema nyumba kwa nyumba akikusanya chupa hizo. Kreti zote kumi zililetwa, zikiwa zimeoshwa.

Kreti hizo zina uhusiano gani na ule ugonjwa wa Babu?

Uhusiano mkubwa. Bibi alizihifadhi zote chini ya kitanda, kwa sababu chupa tupu ziliibwa kuliko kuku. Mwaka 1983 ulipoanza msako mkubwa wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hofu iliingia kila mtaa, na watu walioficha bidhaa walizitupa usiku mitaroni na vichakani. Chupa tupu hazikuwa kosa, lakini Bibi hakutaka kuwa mtu wa kwanza wa kulihakikisha hilo. Aliposikia kwamba kuna watu wanapita Majengo wakikagua nyumba, alitandaza mashuka mawili hadi sakafuni, akamlaza Babu kitandani katikati ya mchana, akamfunika hadi kidevuni, na kumwagiza awe mgonjwa.

Wakaguzi hawakufika siku hiyo wala ya pili, ila majirani walifika wote, kwa sababu habari za ugonjwa hazifichiki Majengo. Walileta mtori. Moshi haiugui mtu akakosa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama unaopewa wagonjwa na akina mama waliojifungua, na kwa siku mbili Babu alipokea bakuli kumi na moja. Alizimaliza zote. Kwaya yake nayo ilikuja ikamwimbia nyimbo za faraja, na Babu, kwa mazoea, akajikuta anaitikia sauti ya nne kwa nguvu zote. Waliokuwepo walishukuru kwa uponyaji huo wa ghafla. Siku ya tatu aliamka rasmi, na Bibi anasema hakuwahi kumwona akiwa na afya nzuri kama baada ya ugonjwa ule.

Kibao cha nje kina kosa la tahajia au ndivyo kilivyokusudiwa?

Kibao kinasomeka NYAMA CHOMA NA VINYWAJ, na herufi I imechorwa kwenye nguzo iliyo kando yake. Babu alipima ubao mwenyewe, na fundi mwenye miaka mingi ya kazi hakutaka kuunga kipande. Mara mbili tumepata ushauri wa kuweka kibao kipya chenye taa. Kikao cha ukoo kimekataa mara zote mbili, na nguzo ile hupakwa rangi kila mwaka.

Baada ya miaka yote hiyo, kwa nini anayeendesha baa ni Shangazi na si mmoja wa watoto wa kiume?

Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki katika kihamba cha wazazi, kwa hiyo Baba Mdogo yuko Machame na migomba na kahawa, na ndizi zote za mbege na za kuchoma zinatoka kwake. Baba Mkubwa alichagua ualimu, na baba yangu akachagua udereva wa malori. Hata hivyo sababu ya kweli ni kwamba Shangazi ndiye peke yake aliyejifunza kuusoma ukuta, jambo linalotuleta kwenye swali linalofuata.

Michoro ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni ina maana gani, na kwa nini haipakwi rangi?

Huo ndio uliokuwa mfumo wa hesabu wa Bibi, na kwetu ndio ushahidi mkubwa kuliko leseni yoyote kwamba baa hii ni yake. Bibi hakupata nafasi ya kusoma. Watu walikunywa kwa mkopo, wakiahidi kulipa malipo ya kahawa yakitoka kwenye chama cha ushirika, kwani wakulima wengi wa huku waliishi kwa kalenda ya kahawa tangu enzi za KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulioanzishwa mwaka 1933. Bibi hakuwa na daftari, lakini alikuwa na mkaa na ukuta mweupe. Kila mdaiwa alichorewa alama yake: mwenye kofia pana alikuwa kofia, mwenye baiskeli alikuwa magurudumu mawili, mjumbe wa nyumba kumi alikuwa nyumba kumi ndogondogo zilizopangwa vizuri kwa heshima ya cheo chake. Chini ya alama kulikuwa na mistari, na kila mstari ulikuwa kata moja. Aliyelipa alifutiwa kwa kitambaa chenye maji.

Alama iliyojadiliwa kuliko zote ni ya mbuzi. Mteja huyo alikuwa na kicheko cha kukatika-katika kilichosikika hadi barabara ya pili, na Bibi hakupata namna nyingine ya kumchora. Mwenyewe alidhani mchoro ule ni hesabu ya mbuzi waliochinjwa, na kwa miaka yote alikaa chini yake akinywa bila kujua. Miaka michache iliyopita mjukuu wake, bwana mwenye suti na heshima zake, alifika akitokea Dar es Salaam, akaoneshwa ukuta, akaangua kicheko, na jiko zima likageuka kumtazama. Shangazi alimwambia hakuna haja ya kujitambulisha.

Mistari ilikuwa kumi na minne. Alitoa pochi alipe. Shangazi alikataa fedha, kwa sababu bei ya kata moja ya wakati ule haina maana leo, na akamweleza kanuni aliyoiacha Bibi: kata hulipwa kwa kata. Bwana huyo alirudi Jumamosi iliyofuata na ndoo ya mbege kutoka kwa mama yake mkubwa, akagawa kata kumi na nne kwa watu waliokuwa wamekaa chini ya mwembe, akakabidhiwa kitambaa chenye maji, na akaifuta mistari yote mwenyewe. Mchoro wa mbuzi aliomba ubaki.

Mnafungua saa ngapi, na nini kinapatikana asubuhi?

Supu ya mbuzi na ndizi za kuchemsha zinakuwa tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyama choma huanza saa tano, na anayetaka mguu mzima anaombwa atoe taarifa muda wa saa mbili kabla, kwa sababu nyama iliyoharakishwa huungua nje ikabaki mbichi kwenye mfupa. Kachumbari, ndimu na pilipili haviuzwi, vinaletwa.

Vile viti kumi na viwili bado vipo, na je, mwenye oda alirudi?

Vimebaki saba. Hakurudi. Lakini Babu alikataa hadi mwisho kuvihesabu kuwa mali yake, na kwa hiyo hadi leo havimo kwenye orodha ya vifaa vya baa. Vimeandikwa ukurasa wa peke yake, kama vitu vya mteja vinavyosubiri kuchukuliwa.

Nikitambua alama ya babu yangu ukutani, nifanye nini?

Mwone Shangazi, jikoni, wakati wowote ambao hakuna foleni. Alama zilizobaki bila mwenyewe ni tisa, na nyingi tunadhani tunazijua. Inayotusumbua ni moja iliyo karibu na mlango, juu kidogo ya swichi: mwavuli uliofunguliwa, na chini yake mtu mwenye miguu mirefu sana. Ana mistari ishirini na mitatu, mingi kuliko mdaiwa mwingine yeyote, na Bibi alipoulizwa alicheka tu akasema huyo ni mtu mwaminifu, atakuja. Kama kwenu kulikuwa na mzee mrefu aliyetembea na mwavuli hata kiangazi, tafadhali ulizeni.